Baada ya mchungaji mwanzilishi

Hapa Mbeya, panda daladala Uyole uelekee Mbalizi, uangalie vibao vya makanisa pande zote mbili za barabara ya TANZAM. Vingi vina picha ya mchungaji mwenye suti, na pembeni yake mama mchungaji. Wengi wa waliomo kwenye picha hizo sasa wana mvi. Walianza wakiwa vijana, wengine wakisalisha sebuleni, wengine chini ya turubai la kukodi, na leo wana majengo ya tofali za kuchoma yaliyojaa washirika. Kuna swali ambalo washirika hao wanaulizana wakiwa njiani kurudi nyumbani, lakini kwenye mkutano wa mwaka halitajwi: akiondoka huyu, nani atashika? Na aondoke lini?

Majibu yako mawili, na kila upande unakuja na Biblia yake mkononi. Upande wa kwanza unasema aliyeitwa na Mungu hastaafishwi na watu. Musa alikufa kazini akiwa na miaka 120. Upande wa pili unasema kiongozi mwaminifu huonekana kwa namna anavyoachia: Paulo alikaa Efeso miaka mitatu, baadaye akiwa Mileto akawaita wazee wa kanisa hilo, akawaambia hakutamani fedha wala dhahabu ya mtu, akapanda meli.

Watu wa mjini tunaidharau hoja ya kwanza haraka mno. Kazi ya kanisa inataka muda. Angalia Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Askofu wake wa kwanza, Owdenburg Mdegella, aliiongoza kwa takriban miaka 30 tangu dayosisi ilipoanza mwaka 1987. Katika kipindi hicho uhusiano na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Marekani, unaojulikana kama Bega kwa Bega, ulikua mpaka sharika za vijijini zikawa na sharika rafiki za ng'ambo, na chuo kilichoanza miaka ya 1990 ndicho leo Chuo Kikuu cha Iringa. Mambo ya namna hiyo hayafanywi na mtu anayekaa madarakani miaka minne. Anayeshika madaraka kwa muda mfupi hutumia mwaka wa kwanza kujua nani ni nani, na wa mwisho kuangalia kura zake. Wafadhili nao wanamzoea mtu, wakishaona sura mpya kila mara wanapunguza barua.

Ila mfano wa Iringa una upande ambao wanaoutumia kutetea kukaa maisha hawausemi. Askofu wa KKKT ana mkutano mkuu juu yake, ana halmashauri kuu, na ana umri wa kustaafu. Alikaa muda mrefu ndani ya uzio. Mchungaji mwanzilishi wa kanisa la kujitegemea anakaa muda mrefu bila uzio, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Wamoravian, waliofungua misheni Rungwe mwaka 1891, wana njia yao. Kwao uaskofu ni huduma ya kiroho, na utawala wa jimbo uko mikononi mwa mwenyekiti na halmashauri wanaochaguliwa kwa kipindi na Sinodi, yaani mkutano mkuu wao. Mtu anaweza kuwa mwenyekiti leo, kesho akarudi kuchunga ushirika kama wenzake. Mimi napenda utaratibu huo, ingawa sidai kwamba hauna gharama. Palipo na uchaguzi pana kambi, na palipo na kambi pana watu wanaohesabu wajumbe wa upande wa huku na upande wa kule badala ya kusikiliza. Na katiba nzuri haizuii moto wote. Dayosisi ya Konde ya KKKT ina katiba na mkutano mkuu, na bado miaka michache iliyopita iliingia kwenye mgogoro mzito wa uongozi, ambao moja ya mambo yaliyogombewa lilikuwa makao makuu yabaki Tukuyu au yawe jijini Mbeya.

Mkoa wetu umewahi kupewa mtihani wa urithi bila taarifa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1916, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na Walutheri wa shirika la misheni la Berlin. Sharika za Unyakyusa na Ukinga zikabaki na walimu na wazee wa kanisa wenyeji, huku Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ng'ambo ya mpaka katika Malawi ya leo, wakisaidia kusimamia baadhi. Wajerumani waliporudi karibu miaka kumi baadaye walikuta kanisa lipo. Hakuna aliyepanga makabidhiano yale. Kilichokuwepo ni watu waliokuwa wamefundishwa kusoma, kuhubiri na kuamua mambo ya ushirika bila kusubiri mzungu. Napenda kuwauliza waanzilishi wetu: ukichukuliwa Jumatatu, Jumapili nani anajua ratiba ya ubatizo, nani anajua akaunti iko benki gani?

Mfalme Hezekia ndiye mfano unaonisumbua zaidi, maana hakuwa kiongozi mbaya. Alivunja sanamu, akasimama mbele ya Waashuru, akachimba mfereji wa chini kwa chini kuingiza maji Yerusalemu, wa mita 530 hivi, ambao hadi leo watu wanapita ndani yake. Kwa kipimo chetu cha jiwe la msingi na bamba la jina, huyo ameacha alama. Alipougua, Isaya alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu anakufa. Alilia, akaongezewa miaka 15. Sasa piga hesabu: alipokufa, mwanawe Manase alikuwa na miaka 12. Mtoto huyo alizaliwa ndani ya nyongeza. Akatawala miaka 55 na kurudisha karibu kila kitu baba yake alichobomoa. Na katika miaka ile ile ya nyongeza, Hezekia alipoambiwa kwamba hazina yote itapelekwa Babeli na wazao wake watatumikishwa huko, aliona ni neno jema, kwa kuwa siku zake yeye zitakuwa na amani.

Anayetetea kukaa ana jibu hapa, na ni jibu zuri. Bila miaka ile 15 hakuna Manase, na Manase yumo kwenye ukoo wa Yesu, Mathayo sura ya kwanza. Mjukuu wake ni Yosia. Kwa hiyo Mungu alikuwa na kazi na nyongeza ile. Nakubali. Ila Mungu kutengeneza njia juu ya uzembe wa mtu hakumwondolei mtu huyo uzembe wake. Hezekia aliagizwa kutengeneza mambo ya nyumba yake, na katika yote yaliyoandikwa juu ya miaka ile ya ziada sioni mahali alipokaa na kijana wake.

Suala la mtoto ni gumu kuliko linavyosemwa vijiweni. Mtoto wa mchungaji aliyekua akifagia kanisa Jumamosi na kubeba spika Jumapili anaijua kazi kuliko msomi atakayeletwa kutoka chuoni. Ukuhani wa Haruni ulikuwa wa ukoo. Kumkatalia kijana kwa sababu tu ya jina la baba yake ni uonevu. Lakini Samweli, aliyeweza kusimama mbele ya Israeli nzima akauliza amechukua ng'ombe wa nani na watu wakamshuhudia kuwa ni safi, ndiye huyo huyo aliyewaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakala rushwa. Mikono yake ilikuwa safi na uteuzi wake ulikuwa mbaya. Usafi wa baba haukuwa dhamana ya wana, na wazee waliomlalamikia hawakuwa wakimvunjia heshima.

Wakulima wengi wa viazi wa Uporoto na Umalila huuza vile vikubwa, na vidogo vilivyokosa soko ndivyo vinarudi shambani kama mbegu. Msimu hadi msimu ugonjwa unaongezeka na mavuno yanapungua. Makanisa yetu mengi yanarithishana hivyo. Vijana wenye akili na msimamo wamekorofishana na mzee, wamehama, wamefungua huduma zao Iyunga au Nzovwe, na siku mzee akichoka anachagua kati ya waliobaki, ambao walibaki kwa sababu hawakuwahi kumwambia hapana.

Tuje kwenye karatasi, kwa kuwa huko ndiko uaminifu unakopimika bila maneno mengi. Jumapili ya mavuno kanisa linajaa mikungu ya ndizi, madebe ya viazi, kuku waliofungwa miguu. Mnada unapigwa, mkungu mmoja unanunuliwa na kurudishwa na kununuliwa tena mara tatu, watu wanacheka, mtunza hazina anaandika kwenye kaunta buku. Fedha hiyo ndiyo inanunua kiwanja cha jirani. Kisha karatasi ya mauziano inaandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, na mahali pa mnunuzi panaandikwa jina la mchungaji, “kwa sasa”, mpaka taratibu zikamilike. Muhuri wa kanisa uko kwenye mkoba wake. Hakuna aliyekusudia wizi.

Lakini mali iliyo kwa jina la mtu, mtu huyo akifa, inaingia kwenye mirathi. Watoto watakaa kikao cha ukoo, atateuliwa msimamizi, na kanisa litalazimika kuthibitisha mahakamani kwamba kiwanja kilikuwa cha kanisa. Njia ya kisheria ipo na si siri. Kanisa likishasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya linasajili bodi ya wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na mali inaandikwa kwa jina la wadhamini. Waanzilishi wana pingamizi lao, nami nimelisikia likisemwa kwa uchungu wa kweli: kiwanja cha kwanza nilikinunua kwa mshahara wangu, wadhamini walikuwa wapi? Na zipo bodi zilizomgeuka mwanzilishi, zikamtoa kwenye kanisa alilolianzisha akiwa na watu sita. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake naona ni kutenganisha: alichonunua kwa mshahara wake kiandikwe chake, kilichonunuliwa kwa kuku na ndizi za washirika kiandikwe cha kanisa, na mgawanyo huo ufanyike angali hai na anaweza kuulizwa.

Nadhani pia tunawalaumu hawa wazee kwa roho ya kung'ang'ania wakati sehemu kubwa ya jambo ni uzee usio na kipato. Mchungaji wa kanisa la kujitegemea mara nyingi anaishi kwenye nyumba ya kanisa, anakula kwa sadaka, hana mchango wowote NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ukimwambia astaafu, unamwambia yeye na mama mchungaji wahamie wapi? Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Anayetaka kuipata akiwa na 60 anatakiwa awe ameanza akiwa na 45, na wakati huo kanisa lilikuwa linanunua bati.

Kanisa moja hapa Mbeya, lenye mchungaji wa miaka 52, lilifanya hesabu hiyo kwenye mkutano wake wa mwaka. Wakaona miaka haitatosha. Wakaamua waanze kuchangia hivyo hivyo, na juu yake wamjengee nyumba ya vyumba vitatu upande wa Uyole angali kazini, ili siku ya kuondoka asiwe mpangaji. Msingi umeshachimbwa. Wazee wawili wanataka nyumba iandikwe jina la mchungaji na mkewe. Mzee mwingine anasema ikiandikwa hivyo na mchungaji akakataa kuondoka, kanisa litakuwa limemlipa kwa ahadi tu. Mchungaji mwenyewe ameomba iandikwe kwamba ataachia uongozi akitimiza miaka 65. Mama mchungaji, aliyeitwa kikaoni siku hiyo kwa mara ya kwanza, ameomba jina lake litangulie.