Mti wangu si bei ya gogo

Visiki 11. Nimevihesabu mara mbili, mara ya pili nikiwa nimepiga magoti, maana nilitaka kuzijua pete za umri za kile kikubwa kuliko vyote. Nilifika ya 43 nikaacha. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika na vidole vilikuwa vinanata. Vumbi la msumeno lilikuwa jeupe juu ya majani makavu, na magurudumu ya trekta yalikuwa yamechimba mitaro miwili hadi kwenye kijito.

Nilipokwenda kuripoti kwamba miti yangu imeibwa, aliyeandika maelezo yangu aliniuliza: "Kwani hiyo miti si ungeikata siku moja?" Pengine ningeikata. Hata ng'ombe wa maziwa huishia kuchinjwa, lakini anayemtoa zizini usiku huu ni mwizi.

Kilichoniuma zaidi ni hesabu ya fidia. Miti yangu ilithaminiwa kwa bei ya magogo, basi. Sheria inayomtoza mwizi bei ya gogo peke yake imegeuza wizi kuwa biashara ambayo mwenye mali hakuulizwa. Akikamatwa, analipa kile ambacho mnunuzi mwaminifu angelipa. Asipokamatwa, halipi kitu. Na wengi hawakamatwi, kwa sababu msituni hakuna jirani wa kusikia, na mwenyewe huenda akaviona visiki baada ya miezi. Kwa nini asijaribu? Wala bei ya gogo haihesabu miche iliyopondwa miti ilipoanguka, udongo ulioshindiliwa na trekta, wala miti iliyobaki pembezoni mwa uwazi, ambayo haikuwahi kupigwa na upepo mkali na sasa itang'olewa nao.

Ndiyo maana nayaunga mkono majimbo ya Marekani yanayomtoza mwizi mara tatu ya thamani ya miti. Oregon na Washington zinafanya hivyo kwa anayekata kwa makusudi. New York inaruhusu mara tatu ya thamani ya mti uliosimama, au dola 250 kwa kila mti, au vyote viwili. Hizo 250 nazipenda sana, kwa kuwa zinamlinda hata mwenye miti ambayo soko la mbao haliitaki.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba yupo anayevuka mpaka wa msitu wa mwenzake kwa kukosea kweli. Apunguziwe. Lakini athibitishe yeye kwamba aliutafuta mpaka kabla ya kuwasha msumeno. Nisilazimike mimi kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwake. Oregon, hata aliyekosea bila kukusudia hulipa mara mbili, na sioni uonevu hapo. Alama zangu za rangi zilikuwa kwenye mashina. Mbili kati ya hizo zimeondoka pamoja na magogo.

Wenye viwanda vya mbao nao waulizwe walinunua kwa nani. Sheria ya Lacey ya Marekani, ya mwaka 1900, inayokataza biashara ya wanyamapori waliopatikana kinyume cha sheria, ilipanuliwa mwaka 2008 ikagusa hata mbao zilizoibwa.

Sina ugomvi na mchuma uyoga. Uingereza, sheria ya wizi ya mwaka 1968 haimhesabu mwizi anayechuma uyoga wa porini, mradi hauchumi kwa ajili ya kuuza. Aje hata kwangu.

Nawaomba wenye misitu wenzangu: msing'oe visiki kwa hasira. Mwaka 2021, katika mahakama ya Tacoma, jimbo la Washington, vinasaba (DNA) vya mbao zilizouzwa kiwandani vililinganishwa na vya visiki vya Msitu wa Taifa wa Olympic, vikaoana, na mshtakiwa akatiwa hatiani. Kisiki ni shahidi.

Changu cha pete 43 nimekifunika turubai. Nimekata kipande chembamba, nimekikausha kivulini na kukiandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Kesho narudi na mpima ardhi.