Nezu ni ya zamani kuliko 1706

Ndugu mwandishi, umesema hekalu la Nezu, Tokyo, lilianza 1706. Huo ni mwaka wa majengo tu. Mapokeo yanasema lilikuwa Sendagi, jirani tu na hapo, tangu zamani sana. Shoguni (mtawala wa kijeshi wa Japani) Tokugawa Tsunayoshi ndiye aliyelihamishia lilipo sasa, kwenye kiwanja cha mtoto wa kaka yake, Ienobu, alipomfanya mrithi wake.

Majengo 7 ya wakati ule yamesimama hadi leo, katika jiji lililoungua 1923 na tena 1945! Hilo lilistahili aya nzima. Na ukipita chini ya vile vilango vyekundu vya torii vilivyobanana pale kilimani, geuka nyuma: nguzoni kuna majina ya waliovitoa, kwa maandishi meusi. Tafadhali rekebisheni makala.