Anayeandika dawa asiwe ndiye anayeiuza

Semina za usugu wa vimelea dhidi ya dawa tumeshahudhuria. Tunaambiwa tuache matumizi holela ya antibayotiki, tunaitikia, tunapiga picha ya pamoja. Kesho yake mfugaji wa kuku wa nyama anaamka, vifaranga wa wiki ya pili watano wamelala chali na wengine wamejikunyata pembeni. Anakwenda wapi? Dukani. Na pale dukani anayemsikiliza, anayetaja ugonjwa, anayechagua dawa na anayepokea pesa ni mtu mmoja.

Simlaumu mwenye duka. Ana pango la kulipa, na ushauri hautozwi. Akimwambia mteja, "kuku wako hawahitaji dawa, badilisha maranda, punguza msongamano bandani," hajaingiza hata shilingi. Akimpa chupa ya OTC, yaani antibayotiki ya oksitetrasaiklini, siku yake imekwenda vizuri. Kwa maoni yangu sera ya kupunguza dawa hizi ianzie hapo, kwenye njia ya pesa, kabla ya kumfikia mfugaji na mabango.

Denmark waliliona hilo mapema. Mwaka 1995 walipiga marufuku avoparcin, dawa iliyokuwa ikichanganywa kwenye chakula ili mnyama akue haraka. Hilo ndilo linalotajwa sana. Lisilotajwa ni kwamba mwaka huohuo waliibana faida ambayo daktari wa mifugo angeipata kwa kuuza dawa. Zamani mauzo yalikuwa sehemu kubwa ya kipato chake. Sasa akawa analipwa kwa kufika shambani, kupima na kushauri. Mwaka 2000 wakaanzisha VetStat, daftari la taifa linaloonyesha dawa gani imeandikwa na nani na imekwenda shamba lipi. Daftari lilipokamilika ndipo, mwaka 2010, ikaja kadi ya njano: shamba la nguruwe likivuka kiwango, mwenyewe anaonywa na kupewa muda wa kujirekebisha, na akikaidi anawekewa usimamizi mkali kwa gharama yake. Bila daftari, kadi hiyo ungempa nani?

Uholanzi nao walijiwekea lengo la kupunguza nusu ya matumizi ya mwaka 2009 ifikapo 2013. Walifika kabla ya muda.

Kuna wanaouliza dawa ya kuku inahusiana nini na mgonjwa wa wodini. Waitazame China. Kolistini ni miongoni mwa dawa za mwisho kabisa ambazo daktari hukimbilia nyingine zote zikishindwa. Wachina walikuwa wakiwalisha nguruwe kwa tani. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza kwamba wamekuta jeni ya usugu dhidi ya kolistini, mcr-1, kwenye nguruwe, kwenye nyama madukani na kwa wagonjwa hospitalini. Mwaka 2017 serikali ikazuia kolistini isitumike tena kama kikuzaji kwenye chakula cha mifugo, na vipimo vya miaka iliyofuata vikaonyesha usugu huo ukipungua, kwa nguruwe na kwa watu pia. Kwa hiyo katazo linaweza kufanya kazi. Ila China walikuwa wanakataza kitu kinachoingia kupitia viwanda vya chakula, ambavyo vinahesabika. Maduka yetu ya dawa za mifugo, kuanzia Kariakoo hadi minada ya vijijini, nani anayahesabu yote?

Tena kuna mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Ni ugonjwa wa virusi, antibayotiki haiugusi. Hata hivyo ukiingia mtaani utaona watu wanavyonunua dawa kuku wakishaanza kupinda shingo. Chanjo ya I-2 ipo, ni tone moja la jicho, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na inastahimili joto kuliko chanjo nyingine nyingi. Mwaka 2025 serikali yetu ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo yenye ruzuku, na mimi naihesabu hiyo kuwa sera ya antibayotiki kuliko semina zote, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Anayetilia shaka asome habari za Norway. Mwaka 1987 wafugaji wao wa samaki wa salmoni walitumia karibu tani 50 za antibayotiki. Zikaja chanjo nzuri, samaki akachomwa sindano akiwa mdogo, na leo wanavuna zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka huku dawa ikiwa imeshuka hadi kiasi kidogo mno. Hawakuhubiriana wakaacha. Waliacha kwa sababu samaki hawakuugua.

Ninachokiogopa ni sheria ya kunakili: "kuanzia tarehe fulani, hakuna dawa bila cheti cha daktari." Kwa mfugaji wa kuku wa Kibaha inaweza kuwezekana. Kwa mfugaji wa Simanjiro ambaye ng'ombe wake ana ndigana, ugonjwa wa kupe, na daktari wa karibu yuko mwendo wa siku nzima, maana yake ni mnyama kufa, au dawa kununuliwa kwa mlango wa nyuma kwa bei ya juu. Huyu anahitaji josho linalofanya kazi, chanjo ya ndigana kali, na afisa mifugo mwenye pikipiki na mafuta. Cheti kifuate baadaye. Serikali ianze na mabanda makubwa ya kuku na nguruwe pembezoni mwa miji, ambako maafisa wake wanaweza kufika kwa daladala.

Pesa zitoke wapi? Mwaka 2013 Denmark waliweka kodi tofauti kwa dawa za mifugo: chanjo haitozwi, na antibayotiki muhimu zaidi kwa binadamu ndizo zinazotozwa juu. Sisi dawa hizi nyingi zinapita bandarini, tena TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndiyo inayozisajili, kwa hiyo pa kutozea panajulikana. Tozo hiyo isiishie mfuko mkuu. Ipelekwe halmashauri kulipia nusu ya gharama ya daktari kufika bandani, maana leo, kwa mfugaji mdogo, ziara yake moja ni ghali kuliko chupa nzima ya dawa.