Kitu kikiisha si useme jamani

Hivi nani aliwafundisha watu kutumia kitu mpaka kinaisha halafu wanarudisha kopo tupu kabatini? Nimechoka kwa kweli. Kwenye mlango wa friji nimebandika karatasi, kalamu nimeifunga na kamba kabisa isipotee, ukimaliza sabuni andika sabuni, dawa ya meno imebaki ya kukamua andika, basi. Hakuna anayeandika! Jumamosi nafanya shopingi ya mwezi mzima, bajeti nimepanga kila kitu na hela yake, Jumapili saa tatu usiku ndo naambiwa mama daftari la hesabu limejaa na kesho mwalimu anakusanya. Saa tatu usiku!! Hapo ni mbio kwenda duka lolote lililo wazi, na ukinunua kwa haraka hivyo huchagui bei, unachukua kilichopo, na ukishaingia hutoki na daftari peke yake. Hivi vihela vya dharura ndo vinakula akiba yetu, sio matumizi makubwa, maana hayo mimi na baba yao tunakaa tunayapanga. Na yeye pia simwachi, juzi kafunga balbu ya mwisho ya akiba kimyakimya, leo ya jikoni imeungua napika na tochi ya simu. Siombi mtu aende dukani mimi, naomba neno moja tu kwenye karatasi, sekunde tano haziishi, kalamu yenyewe iko palepale inaning'inia.