Ukirithi nyumba ya rafiki, risiti iandikwe jina lako

Rafiki yangu alipopata kazi Qatar aliniachia flati yake Bamburi, chumba na sebule, kodi 12,000. Dipoziti yake nikamrudishia mie mkononi, nikahamia na godoro na mtungi wangu wa gesi, na kila tarehe 5 namtumia landlodi kodi kwa M-Pesa. Keateka, yule msimamizi wa nyumba, anajua, landlodi mwenyewe tushapishana kwenye ngazi tukasalimiana, lakini risiti zikawa bado zaandikwa jina la mwenzangu na mie sikushughulika, manake hela si imefika.

Mwezi wa nane akatokea mtu wa kulipa 16,000. Keateka akaja na kufuli mkononi, wewe hapa hatukujui, una siku tatu. Nauliza dipoziti, naambiwa hiyo ni ya yule wa Qatar.

Hapa ndipo panaponiuma, watu wengi hapa Mombasa wanaamini kama huna agrimenti huna haki, unafungasha tu usiku na watoto. Si kweli jamani! Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inasema mwenye nyumba akikuruhusu ukae kwa kulipa kodi, hata kama hamkuandikiana, wewe ni mpangaji, na kama kodi ni ya mwezi basi notisi haipungui mwezi na inaishia siku ya kulipa kodi. Zile meseji za M-Pesa zilizokuwa na jina langu na la landlodi ndizo nilizomuonyesha moja moja, akanyamaza, akanipa mwezi. Ningekuwa namtumia rafiki naye amtumie landlodi, ningeonyesha nini?

Kuna tribunali ya kodi za nyumba pia, lakini sheria yake inashika nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na flati ya bei hiyo Bamburi utaitoa wapi, kiwango hicho kilifaa kupandishwa zamani.

Dipoziti ilitoka baada ya rafiki kumpigia landlodi mwenyewe na kumuandikia kwamba nshamrudishia pesa zake.

Sasa mdogo wangu anataka kurithi chumba cha mwenzake Tudor. Nimemwambia godoro lisipande ngazi kabla landlodi hajaandika jina lake kwenye risiti na kutaja dipoziti ni ya nani. Anaona haya kuuliza, kwa hiyo Jumamosi naenda naye.