Maji ya bomba, maji ya dumu

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Anayenunua dumu kwa shilingi 100 analipa shilingi 5,000 kwa uniti. Mgao ukikaza, dumu likafika shilingi 500, uniti hiyo hiyo inamgharimu 25,000. Aliye na bomba la mamlaka uani kwake hajawahi kuletewa bili ya namna hiyo.

Nimeanza na hesabu kwa sababu tunapobishana kama maji ni haki ya umma au bidhaa, tunazungumza kana kwamba soko bado liko mlangoni linapiga hodi. Kwa mpangaji wa Dar es Salaam asiye na bomba, soko liliingia zamani, likakaa kitako.

Wanaotaka maji yalipiwe wana hoja nzito. Mvua hainyeshi kwa bili, lakini maji ya mto Ruvu hayapandi yenyewe hadi Kimara, kwenye vilima vya jiji. Yanasukumwa kwa pampu, pampu inakula umeme, maji yanatiwa dawa, na bomba likipasuka fundi anataka ujira wake. Tuliwahi kujaribu kutolipa. Mpango wa maji vijijini ulioanza mwaka 1971 ulilenga kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400 ifikapo 1991, na ayapate bure. Nia ile naiheshimu mpaka leo. Lakini pampu ziliharibika, vipuri na dizeli vikakosekana, akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikuja ikisema wazi kwamba wanavijiji wachangie ujenzi na wabebe gharama za uendeshaji.

Je, suluhisho ni kumkabidhi mfanyabiashara? Hilo nalo tumelijaribu. Agosti 2003 kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa Kitanzania, ilianza kuendesha maji ya Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali iliuvunja. Makusanyo hayakufikia yaliyoahidiwa, na ada ya ukodishaji iliyopaswa kulipwa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilikoma. Kesi zilizofuata hazikuipa kampuni ilichodai: uamuzi wa mwaka 2008 wa ICSID, kituo cha kimataifa cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, ulisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, ila haikuamriwa kulipa fidia.

Ninachokiona kizito zaidi hapo ni fedha. Sehemu kubwa ya mtaji wa kukarabati mabomba ilikuwa mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambayo deni lake ni letu. Tena mzabuni aliyefika mwisho alikuwa mmoja tu. Soko lisilo na mshindani, linaloendeshwa kwa mkopo wa umma, lina ushindani gani wa kutuletea nafuu?

Hata hivyo, kurudi mikononi mwa umma hakukumaliza kiu. DAWASCO, shirika la umma, ilichukua uendeshaji, ikaunganishwa na DAWASA mwaka 2018, na mtandao umepanuka kweli. Lakini mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua kwa ukame, jiji likaingia kwenye mgao. Mwenye simtank alistahimili, mwenye ndoo mbili akasubiri boza.

Kwenye karatasi, haki ipo. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi kuwa haki ya binadamu kwa kura 122. Nchi 41 hazikuegemea upande wowote, Tanzania na Kenya zikiwemo. Mwezi uliofuata Kenya ikaandika haki hiyo katika Ibara ya 43 ya Katiba yake mpya, na bado kwenye mitaa ya mabanda Nairobi watu wananunua maji kwa mtungi.

Mimi nasimama hapa: maji yawe na bei, bomba liwe la umma, na kiasi cha kuishi kisikatwe kwa mtu kukosa hela. Afrika Kusini ilipanga lita 6,000 za bure kwa kila kaya kwa mwezi. Wakazi wa Phiri, Soweto, walipofungiwa mita za malipo ya kabla, walikwenda mahakamani wakisema kiasi hicho hakizitoshi nyumba zenye watu wengi. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ikawakatalia, lakini angalau kulikuwa na lita za kubishania. Mita za aina hiyo zimeanza kufungwa kwetu pia. Zinasaidia kuzuia madeni na ubishi wa bili, sizikatai. Ila salio likiisha saa mbili usiku nyumbani kwenye mtoto anayeharisha, mita inakata maji, na aliyeiagiza anapaswa kutuambia leo, kabla haijawekwa, ni madumu mangapi yataendelea kutoka.