Datsun 240Z: maliza kutu kwanza, kisha weka L28

Mtu akishapata Datsun 240Z ya zamani, gari la michezo la Nissan la mwanzoni mwa miaka ya 1970, swali la kwanza linalomtoka ni la injini. Aweke RB26 ya Nissan Skyline GT-R? Au V8 ya Chevrolet, kama walivyozoea Wamarekani? Kwa maoni yangu, anayelifufua gari hili nyumbani kwa kreni ya kukodi, jeki mbili na mashine ya kuchomelea aweke L28, injini ya ukoo uleule wa L24 iliyotoka nayo kiwandani. Na hata hiyo L28 isubiri mpaka sakafu iwe imepona.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuliheshimu gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na 240Z, na Shekhar Mehta akashika nafasi ya pili katika gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews walilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, na ushindi ukaenda kwa Mehta. Tope na vumbi la mashindano yale vilivumiliwa na silinda sita za L, kwa hiyo anayesema injini za ukoo huu ni dhaifu anazionea.

Turudi kwenye kutu. 240Z haina chasi ya kujitegemea. Sakafu, vizingiti vya milango, na reli mbili za bati zilizokunjwa chini ya sakafu ndizo chasi yenyewe. Kiini chake kikiliwa, gari linajikunja kila unapokanyaga mafuta, na injini yenye nguvu zaidi huharakisha tu uharibifu. Sehemu za kukagua zinajulikana. Anza chini ya betri, ambako asidi hudondoka na kula kitako chake, ukuta wa moto na mwanzo wa reli. Nenda kwenye kona za mbele za sakafu: majani yanayoziba matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele huyageuza maji yaingie ndani. Kagua pembe za chini nyuma ya milango, vizingiti vyenyewe, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Kwa magari yaliyokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chumvi ya hewani huanzia ndani ya vizingiti usikoona. Sumaku isiposhika, hapo kuna puti. Bisibisi ikizama, hapo hakuna bati.

Kabla ya kukata chochote, simamisha gari kwenye stendi nne ukiwa umeziweka karibu na sehemu za kufungia sapoti za matairi, wala si katikati ya sakafu. Pima mwanya wa mlango kila upande na uandike. Kisha chomelea bomba la mraba la milimita 25 kukingama uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, pande zote mbili. Wengi wanaruka hatua hii kwa haraka. Wakishakata kizingiti, gari linainama katikati milimita chache, na baada ya kuchomelea mlango haufungi tena sawasawa. Hapo huna budi kukata upya. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili.

Sakafu inatosha kwa bati la milimita 0.9 hadi 1.2, reli ziwe milimita 1.6. Tumia mashine ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Vijiti vya kawaida vya kuchomelea mageti hutoboa bati jembamba, na moto wa oksijeni na asetilini hulikunja sakafu nzima. Piga nukta, ruka sentimita kadhaa, piga nyingine, acha ipoe, rudi ujaze mianya. Bati likiingia rangi ya buluu pana kuzunguka mshono, umezidisha moto. Pale mabati mawili yanapopandana, toboa matundu ya milimita 8 kila baada ya sentimita 3 au 4, paka praima ya zinki katikati, ndipo ujaze matundu. Mwisho ni praima ya epoksi, mpira wa kuziba mishono, na nta ya kunyunyiza ndani ya vizingiti na reli. Bila nta, miaka michache tu utakuwa umerudi palepale.

Sasa injini. L24 ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. L28 ina 2,753. Kipenyo cha silinda kimepanda kutoka milimita 83 hadi 86 na mwendo wa pistoni kutoka 73.7 hadi 79, lakini nje ni kama pacha. Mikono ya maunti, gia boksi, vyote vinapokea. Kwa sababu zinafanana hivyo, soma namba iliyogongwa kwenye bloku, upande wa kulia nyuma, pale hedi inapokalia, iandikwe L28. Injini hizi zilikuja katika 280Z na 280ZX, warithi wa 240Z, na Nissan Patrol ya mfululizo wa 160 nayo ilipewa L28 ya petroli. Ukipata ya Patrol au ya saluni, sampu yake, yaani bakuli la oili la chini, haifai. Vua sampu ya 240Z pamoja na bomba lake la kufyonzea oili, uvihamishe vyote viwili kama jozi. Ukichukua sampu bila bomba lake, mdomo wa bomba unaweza kugusa kitako au kuning'inia juu mno, na injini itakosa oili kwenye kona ya kwanza kali. Bandika udongo wa kuchezea kwenye mdomo wa bomba, funga sampu, fungua, upime nafasi iliyobaki.

Kabla ya kulipa, pima kompresheni ya silinda zote sita ikiwezekana injini ikiwa ya moto. Nzima huwa karibu kilo 12 kwa sentimita ya mraba. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo muhimu zaidi: moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, hesabu gharama ya ringi au valvu.

Hedi nayo inataka macho. Hedi zenye namba N42 na P90 zina matundu ya ekzosi ya mraba. N47 na P79 zina ya duara, yenye vyuma vya bitana ndani. Manifoldi ya mraba ikifungwa kwenye hedi ya duara inaacha ngazi inayozuia moshi na kuunguza gasketi. Linganisha gasketi na hedi mkononi, dukani hapohapo.

Ukilazimika kuvua hedi, chonga kabari ya mbao ngumu kwanza. Weka pistoni ya kwanza juu kabisa kwenye kompresheni, tia alama ya rangi kwenye kiungo cha cheni na jino la gia, kisha teremsha kabari katikati ya pande mbili za cheni hadi ikaze kwenye tenshona, kikaza cheni. Ifunge kamba ndefu isije ikapotelea chini. Ndipo ufungue bolti ya gia ya kemshafti. Bila kabari, cheni inalegea, pistoni ya tenshona inaruka nje, na kuirudisha kunahitaji kufungua mfuniko wa mbele wa injini nzima. Kipande cha mbao cha bure kinaokoa siku mbili za kazi. Wakati wa kurudisha, kaza bolti za hedi kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua tatu, mpaka kilogramu-mita 7 hadi 8.5. Nafasi za valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Pampu ya oili ikiwa imefunguliwa, pistoni ya kwanza iwe juu na mfereji wa shafti ya distribyuta uelekee kidogo kupita namba 11 ya uso wa saa, nusu-mwezi ndogo ya ncha ya shafti ikiwa mbele. Ukikosea jino moja, hakuna taimingi itakayokaa.

Kosa linalorudisha injini nje mara nyingi kuliko yote ni klachi. Nissan walitengeneza presha pleti za urefu tofauti na kola za beringi za urefu tofauti, na kila moja ina mwenzake. Weka klachi ya 280ZX na kola ya 240Z, pedali itafika chini na gia bado zinalia. Au kinyume chake, klachi inateleza tangu siku ya kwanza. Kanuni ya kujikinga ni rahisi. Funga presha pleti kwenye flaiwili, kalisha beringi pamoja na kola yake juu ya vidole vya presha pleti, kisha pima kutoka uso wa flaiwili mpaka pale uma wa klachi unapoigusa kola. Iwe karibu milimita 92. Pima kabla gia boksi haijafungwa. Na kama L28 imetoka kwenye gari la otomatiki, chungulia nyuma ya krankishafti: bushi ya otomatiki ni tofauti, lazima itolewe iwekwe ya manyuo. Gia boksi ikikataa kuingia sentimita mbili za mwisho, usiivute kwa bolti. Mara nyingi ni bushi hiyo.

Gia boksi ya spidi tano ya 280ZX inaingia vizuri kwa magari mengi ya 240Z. Yale ya mwanzo kabisa yana masikio tofauti ya kufungia gia boksi, kwa hiyo yatahitaji sapoti ya kutengenezwa.

Anayetaka RB au V8 ana hoja moja kubwa, nguvu, na siibishi. Lakini ahesabu vyote: maunti mpya, sampu ya kukatwa, propela ya kupimisha na kubalansi, pampu ya mafuta ya presha kubwa na bomba lake la kurudi, kompyuta ya injini na wayaringi yake, radieta, kisha difu na shafti za nyuma ambazo zitaanza kukatika. RB26 ya GT-R ina sampu iliyobeba difu ya mbele, ambayo 240Z haina kazi nayo. Magari yanayokaa miaka juu ya mawe yakiwa hayana injini, kwa sehemu kubwa, yalikwama kwenye orodha hii. L28 yenye kabureta haidai hata kimoja, na difu ya R180 iliyomo inaivumilia. Zaidi ya hayo, hukukata kitu; L24 ya asili inaweza kurudi wakati wowote, na gari la namna hii lina haki ya kubaki na njia ya kurudi nyumbani.

Kabureta mbili za Hitachi zenye kifuniko cha mviringo ziweke. Zile bapa za mwisho, za 1973, zilitengenezwa kwa ajili ya kanuni za moshi za Marekani na zinasumbua kwenye joto. Anza na nati za mchanganyiko zikiwa mizunguko miwili na nusu kutoka juu, jaza oili nyepesi kwenye vikombe, kisha sawazisha hewa ya kabureta zote mbili kabla ya kugusa mchanganyiko. L28 iliyotoka kwenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa sindano mara nyingi haina tundu la pampu ya mafuta ya kimakanika, ama limezibwa kwa kibati. Weka pampu ya umeme ya presha ndogo, kama baa 0.2. Pampu ya mfumo huo itazidi nguvu sindano za maboya ndani ya kabureta, na petroli itamwagika juu ya ekzosi yenye moto.

Oltaneta ya 280ZX, yenye regyuleta ndani, ni badiliko jema, ila ukiizima swichi injini inaweza kuendelea kunguruma. Umeme unarudi kutoka oltaneta kupitia waya wa taa ya chaji hadi kwenye koili. Dayodi moja kwenye waya huo, ikielekezwa ipasavyo, inalimaliza tatizo.

Injini ikishakubali, usitoke barabarani kwa breki za zamani. Kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4 za miaka ya 1979 hadi 1985, zilizoandikwa S12-8, zinafungwa moja kwa moja juu ya diski za asili. Unachokata ni bati la kukinga vumbi tu. Zinapatikana kwa wauza spea wa Hilux, na fundi yeyote wa huku anazifahamu. Angalia maandishi yasiwe S12W, kwani hizo ni pana na zinataka diski za kupitisha hewa. Pistoni nne zinahitaji oili ya breki nyingi zaidi, pedali inashuka kidogo. Masta silinda ya inchi 15/16 badala ya 7/8 inairudisha juu.

Baada ya kilomita mia chache, kaza tena bolti za hedi injini ikiwa imepoa, pima valvu upya, na badilisha mipira ya mlango wa nyuma pamoja na ya taa za nyuma. Moshi wa ekzosi hupenya hapo ukiwa kwenye mwendo, na kwenye safari ndefu dereva anaweza kulewa nao bila kujua.